Panya Aliyeshindwa Alale na Nani?

Wanangu mnaoingia kazi ya kulea wanyama wa maabara, najua mmeshaambiwa mambo makubwa: ubongo, damu, majedwali ya kompyuta. Mimi nitaanza na chupa inayodondosha matone. Chupa hiyo ilitudanganya kwa wiki kadhaa wakati wa vita, katika kituo kidogo cha utafiti kilichokuwa kando ya barabara ya ziwani kati ya Minago na Rumonge, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Pale kituoni waliniita Mama Shabani. Mimi ni mzaliwa wa Rumonge, mtaa wa Waswahili, Mwislamu mtoto wa Waislamu. Na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuwamiminia panya pombe.

Chekeni tu. Majirani zangu walicheka kabla yenu. Nikipita sokoni kununua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wauzaji walinipokea kwa kelele: "Mama Shabani, kabare yako inafunguliwa saa ngapi leo?" Mwingine anadakia: "Panya wake wanakunywa bure, na bwana yangu anakopa!" Habari ikamfikia shehe wetu. Ijumaa moja baada ya swala akamvuta mume wangu pembeni.

"Mkeo anaionja hiyo pombe?"

"Hapana, shehe."

"Anaiuza?"

"Hapana. Anaipima."

Shehe akafikiri. "Basi apime," akasema, "lakini apime sawasawa."

Hilo la kupima sawasawa nimelishika maisha yangu yote ya kazi, na leo nawakabidhi.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Goreti, binti wa wakulima wa Bugarama, mfupi, mwenye maneno ya haraka. Alisoma ng'ambo, akarudi nyumbani wakati wengine wanatafuta njia ya kutoka. Alikuwa na swali moja linalomkosesha raha. Katika kambi za waliokimbia vita, watu waliokuwa hawanywi walianza kunywa, na waliokuwa wanakunywa kidogo wakazidisha. Kila mtu alikuwa na jibu lake: ni hofu, ni njaa, ni kukosa kazi, ni shetani. Daktari alisema majibu yote yanaweza kuwa kweli, na hapo ndipo penye shida. Mtu wa kambini amepoteza nyumba, shamba, ndugu na heshima kwa pamoja. Utajuaje kipi kati ya hivyo kinamsukuma kwenye chupa? Huwezi kumrudishia kimoja kimoja ili uone. Kwa panya unaweza kugusa jambo moja tu na kuyaacha mengine yote kama yalivyo. Ndiyo maana tunafuga panya, wanangu. Hakuna anayedhani panya ni mtu. Panya anaturuhusu kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

Na swali letu lilikuwa hili: panya akionewa na panya mwenzake, je, atakunywa zaidi?

Sasa nyinyi nisikilizeni vizuri, hapa pana ufundi. Kila kizimba kilikuwa na chupa mbili zenye mirija ya chuma. Moja ina maji, nyingine ina maji yaliyotiwa alkoli safi ya famasi. Mwanzoni unatia na sukari, kwa sababu panya hapendi ule ukali, halafu unapunguza sukari pole pole mpaka inakwisha na yeye ameshazoea. Kila asubuhi unapima chupa kwenye mizani, unaona kila moja imepungua kiasi gani. Na kila siku unazibadilisha pande, ya kulia iende kushoto. Kwa nini? Kwa sababu panya ni kama wazee wa barazani, ana upande wake anaoupenda. Ukiacha chupa mahali pamoja utasema anapenda pombe, kumbe anapenda kona.

Hayo yote tuliyajua. Ambalo hatukulijua ni barabara.

Kulikuwa na siku malori ya jeshi yalipita kwa msafara mrefu kuelekea kusini. Kesho yake napima: chupa za pombe zimeshuka vibaya. Wiki iliyofuata msafara mwingine, na chupa zikashuka tena. Daktari Goreti akaruka. "Mama Shabani, wanasikia vita! Wanaogopa na wanakunywa!" Nami nikaruka naye, ungetuona ungesema tumepata mtoto. Tulizungumza juu ya mngurumo wa malori, juu ya masikio ya panya, Daktari akaanza hata kutafuta maneno ya kuandikia.

Lakini tulikuwa na kizimba kimoja kitupu. Kina chupa zake mbili kama vingine, ila hakina panya, kwa ajili ya kujua ni kiasi gani kinapotea kwa joto tu. Siku hizo za furaha nilikuwa nakipima harakaharaka, bila kukitilia maanani. Asubuhi moja baada ya msafara nikakipima kwa makini, nikamwita Daktari.

"Kizimba kitupu nacho kimelewa."

Akaja, akatazama mizani, akanitazama mimi. Malori yalikuwa yanatikisa nyumba, nyumba inatikisa meza, meza inatikisa chupa, na chupa zinadondosha zenyewe kwenye maranda yaliyotandikwa vizimbani. Hakuna panya aliyekunywa kwa hofu. Barabara ndiyo iliyokunywa. Daktari alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasema, "Muiteni Wilondja."

Wilondja ndiye mtu ninayetaka mumjue. Alikuwa Mkongo kutoka upande wa Baraka, Mkristo, fundi wa mbao na wa bati. Vita vya kwao vilimvusha ziwa kwa mtumbwi, akavikuta vya kwetu. Mke na watoto waliondoka kwa mtumbwi mwingine, na tangu siku hiyo hakupata habari yao. Kituo kilimpa kazi ya kutengeneza vizimba na meza, na kibanda chake cha useremala ndicho pia kilikuwa chumba chake. Alilala humo peke yake katikati ya mbao, na jioni alikunywa humo peke yake. Mchana mikono yake ilikuwa dhahabu. Alizitandikia meza zetu vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu, na tangu siku hiyo malori yakapita, chupa zikatulia.

"Panya bako na matairi sasa," aliniambia. "Kesho banaomba dereva."

Basi tukaanza kazi yenyewe. Tulikuwa na dume mmoja mkubwa, mwenye shingo nene, aliyeishi muda mrefu katika kizimba kimoja mpaka akakiona ni chake. Tulimwita Komanda. Unamchukua dume mdogo, unamwingiza nyumbani kwa Komanda kwa muda mfupi tu. Komanda anavimba, anamsukuma, anampanda, mpaka mgeni analala chali, tumbo juu, na hapo papo hapo unawatenganisha. Damu hatukuitaka. Anayekuambia lazima panya aumie ndipo upate jibu, hajui kazi. Kinachomwingia panya ni ile hali ya kushindwa. Baadaye unamrudisha mgeni kwenye kizimba chake, peke yake, na chupa zake mbili.

Na hapa niwape jambo ambalo lilinishangaza kweli. Siku yenyewe ya kushindwa, panya hanywi. Anajikunja kwenye kona, hata chakula hataki. Tulipoona hivyo mara ya kwanza tulidhani tumekosea. Lakini siku zinazofuata, wakati unamwona ameshatulia, manyoya yamelala, anakula, hapo ndipo chupa ya alkoli inaanza kushuka, na inaendelea kushuka. Daktari Goreti alipenda sana jambo hilo. "Watu wanatazama siku ya msiba," alisema, "halafu wanakwenda zao. Sisi tutazame siku za baadaye."

Tulikuwa tunaendelea vizuri hivyo, mpaka asubuhi moja nikaingia, nikakuta vizimba sita vina panya wawili wawili.

Nilidhani macho yananidanganya. Panya walioshindwa na Komanda jana yake, niliowaacha mmoja mmoja kama sheria ya kazi ilivyotaka, kila mmoja alikuwa na mwenzake. Wamelala wamebanana, pua ya huyu kwenye shingo ya yule. Na si mwenzake yeyote tu: walikuwa wale ndugu waliolelewa nao kizimba kimoja tangu wadogo. Juu ya kila kizimba palikuwa na alama ya kalamu nene ya seremala.

Daktari Goreti alifika, akaona, akaita jina la mwenye kalamu mara moja tu. Wilondja akaja na kofia mkononi. Alikuwa ananuka kanyanga ya jana, ile pombe kali ya kienyeji.

"Wewe ndiye uliyefanya hivi?"

"Miye, Dokta."

"Kwa nini?"

"Nilikuja kurekebisha mulango, nikaona banatetemeka. Muntu anapigwa, anapata haya mbele ya benzake, halafu munamufungia peke yake kama mwizi? Kwetu muntu akipatwa na shida, batu wanakuja kulala naye. Hata hapa Rumonge nimeona ni vile vile."

Na kweli ni vile vile. Kwetu mtu akifiwa, majirani wanaleta mikeka, wanalala sebuleni kwake mpaka matanga yaishe. Hakuna anayefundishwa. Kumwacha peke yake ni aibu ya mtaa mzima.

"Wilondja," alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa ndogo, ambayo ni mbaya zaidi, "wale ni panya."

"Ndiyo, Dokta. Ndiyo maana nilimupelekea panya. Sikumupelekea muntu."

Niligeuka nikatazama ukutani ili nisicheke. Daktari hakucheka. Alkoli ya famasi ilikuwa inatoka Bujumbura kwa barabara iliyokuwa inafungwa kila risasi zikisikika milimani, na tuliyokuwa nayo ilikuwa inakwisha. Kuanza upya kulikuwa na gharama kubwa. Tena ile harufu ya kanyanga ilikuwa imeshamchosha, kwa kuwa ziko siku Wilondja alikuwa hawezi kushika msumeno mpaka jua lipande.

"Umeniharibia kazi," alimwambia. "Mwisho wa mwezi utanirudishia ufunguo wa kibanda."

Wilondja akaitika kwa kichwa, akatoka. Nyinyi ambao hamkuishi miaka ile labda hamuoni uzito wake. Ufunguo ule ulikuwa kazi yake, na kitanda chake, na ukuta wake. Akitoka pale anakwenda kambini, mgeni asiye na mtu, na chupa. Tulikuwa tumewaona wa namna hiyo. Hawakudumu.

Mimi nikafanya kazi ninayoijua: nikachukua mizani. Sikupima kwa ujanja wowote, nilipima kwa sababu ilikuwa asubuhi na asubuhi hupimwa. Tena Daktari alisema tuwaache wale wawili wawili walivyo mpaka atakapoamua, maana kuwahamisha tena ni kuwasumbua mara ya pili. Kwa hiyo nikaendelea kuwapima siku zile zinazofuata, siku ambazo chupa hushuka.

Hazikushuka.

Nilirudia. Nikasafisha mizani, nikarudia tena. Katika vizimba vya mmoja mmoja, alkoli ilikuwa inapungua kama kawaida. Katika vizimba vyenye alama ya Wilondja, chupa inayotumiwa na panya wawili ilikuwa imepungua kidogo kuliko ya panya mmoja! Nilimwita Daktari kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwa wavuvi.

Akasoma. Akasoma tena. Mikono yake ikaanza kucheza kama anafukuza nzi. "Subiri," alisema. "Subiri, Mama Shabani. Tusirudie ya malori." Na hapo, wanangu, nilimpenda yule mwanamke, kwa sababu alikuwa anatamani kushangilia na akajizuia. Akaanza kuhesabu kwa vidole mambo yanayoweza kutudanganya. Katika kizimba cha wawili hujui nani kanywa na nani hakunywa. Labda mmoja anaizuia chupa, mwenzake haipati. Labda wamebanana tu, joto limewatosha, hawataki kuinuka. Labda wale sita walikuwa wapole tangu mwanzo. "Hili si jibu bado," akasema, macho yanang'aa. "Lakini ni swali zuri kuliko langu!"

Swali lile jipya lilitaka kizimba kipya: kipana, chenye wavu katikati, matundu madogo ya kupitisha pua na sharubu, ili panya wawili wagusane na kulala bega kwa bega, lakini kila mmoja awe na chupa zake mbili upande wake. Wavu wenyewe usiwe na ncha ya kuwachoma, usitafunike, ufunguke kwa kusafisha. Kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye pwani yote ile aliyeweza kutengeneza vizimba vya namna hiyo.

Daktari akaenda mwenyewe kibandani. Nilimfuata, nani angebaki?

Wilondja alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye gunia. Daktari akamweleza kizimba anachokitaka, akachora kwenye ubao kwa chaki ya fundi. Wilondja akatazama mchoro, akafuta mstari mmoja kwa kidole, akauchora chini kidogo.

"Hapa," akasema. "Ukiweka juu vile, mudogo hatafika."

"Unaweza kuvimaliza?"

"Naweza." Akapangusa chaki kidoleni. "Asubuhi naweza. Jioni usiniulize."

"Nakuuliza jioni," alisema Daktari. "Jioni unafanya nini humu?"

"Nakaa."

"Na nani?"

Wilondja akacheka kidogo bila furaha. "Na hii misumari, Dokta."

Daktari alisema tu ufunguo abaki nao mpaka vizimba viishe, kisha wataona. Wataona! Lilikuwa neno dogo, lakini gunia lilifunguliwa.

Alivitengeneza. Mikono ilitetemeka asubuhi nyingine, akasubiri itulie, akaendelea. Tukaanza upya kwa utaratibu: panya wa kundi moja walishindwa na Komanda wakalala peke yao, wa kundi la pili walishindwa wakalala na ndugu nyuma ya wavu, na wa tatu hawakupelekwa kwa Komanda kabisa. Tuliwagawa kwa kuchomoa vikaratasi kwenye kofia ya Wilondja, ili mtu asichague wapole kwa moyo wake. Chupa tulizigeuza kila siku. Kizimba kitupu nilikipima kwa heshima kama mgeni mkubwa. Alkoli ikatuishia katikati. Mlinzi wa kituo akashauri tutumie kanyanga, Daktari akakataa kabisa, maana hakuna ajuaye ndani yake mna nini, na tukakaa tukihesabu magari mpaka barabara ikafunguliwa na dumu likafika. Tukarudia yote.

Siku ya kujumlisha, Wilondja alisimama mlangoni, hakuingia. Mimi nasoma, Daktari anaandika. Walioshindwa wakalala peke yao walikunywa kuliko wote. Walioshindwa wakalala na ndugu walikunywa karibu sawa na wale ambao hawakumjua Komanda. Karibu, nimesema. Mmoja wao alikuwa na ndugu yake puani usiku kucha na bado alikunywa kama mpweke, na huyo msimfiche mtakapokuwa mnaandika ya kwenu. Kuna wanaokataa kufanana na wenzao, na kazi yetu si kuwalazimisha.

Lakini jumla ilikuwa jumla! Daktari alinikumbatia, kalamu ikanichora shingoni. Nilipiga vigelegele katika chumba cha panya, jambo ambalo nyinyi msilifanye kamwe, linawasumbua.

"Kwa hiyo," aliuliza Wilondja kutoka mlangoni, "ile haya ya kupigwa haikuisha?"

"Haikuisha," alisema Daktari. "Komanda aliwapiga wote sawa. Ila aliyekuwa na mwenzake hakuihitaji chupa sana." Akaongeza haraka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, "Hao ni panya, Wilondja. Kwa watu sijui. Kwa watu sijapima."

"Nimesikia, Dokta. Ni panya." Akavaa kofia yake akaondoka.

Jioni ile tulikuwa tumeandaa ugali na ndagala wa mawese, mume wangu na watoto wameshanawa mikono, tukasikia hodi. Wilondja alikuwa amesimama nje, ameoga, amebeba kiti cha mbao, kipya, hakijapakwa hata rangi.

"Amahoro, Mama Shabani. Nimeleta kiti changu," akasema. "Nyumba yenu iko na batu wengi, nikaona nitakosa pa kukaa."

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama kiti, akakigusa mguu kuona kama kimekaa sawa.

"Chupa?" akamuuliza.

"Imebaki kule."

"Basi ingia, ndugu. Watoto, sogeeni."

Sitawadanganya kwamba aliacha kunywa siku ile. Alikuja jioni nyingine ananuka, na mume wangu alimrudisha akanywe maji kwanza. Lakini alikuja. Na kwa kuwa barabara za jioni hazikuwa za kuchezea miaka ile, tulimtandikia mkeka sebuleni pamoja na wavulana wangu, waliokuwa wanapiga mateke kama punda.

Asubuhi ya kwanza baada ya yeye kulala kwetu, jua lilishapanda na kibanda kilikuwa kimefungwa. Daktari Goreti alinikuta napima chupa, akaniuliza kwa hofu kama fundi amelewa tena. Nikamwambia hapana. Nimemwacha nyumbani amelala, katikati ya wanangu, mdomo wazi, na tumemwita mara mbili hakusikia.

Daktari aliupeleka mkono kwenye mfuko wa koti, kama anayetafuta ufunguo wa kibanda, kisha akautoa mtupu. "Mwacheni alale," akasema. "Ufunguo anao, na abaki nao."